Boma letu limeishia kwenye linta, tumwone nani?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wanne, tunaishi kijijini wilayani Bahi. Mwaka 2021 tulichanga kila kaya, tukafyatua matofali, tukanyanyua madarasa mawili hadi usawa wa linta, yaani juu ya milango na madirisha. Boma hilo lisilo na paa limeishia hapo mpaka leo, mbuzi wanalala humo. Darasa la tatu lina watoto 118 na mwalimu mmoja. Tukiuliza, tunaambiwa bajeti haijaruhusu. Kwa kuwa Bunge liko hapahapa Dodoma, wazazi ishirini tunataka twende mwezi Juni, bajeti ikisomwa, tukamwone mbunge wetu. Tutasikilizwa?
Mzazi, Bahi

JIBU: Marahaba mwanangu. Poleni sana, na hongereni kwa kufika kwenye linta. Najua maji ya kufyatulia matofali hayo yalibebwa kichwani.

Juni mtakuwa mmechelewa. Nasema hivyo kwa sababu kosa hilo nililifanya mwenyewe nilipokuwa mwalimu mkuu katika mkoa huu. Niliongozana na wazazi watatu hadi ofisi ya halmashauri. Afisa alitupokea vizuri, akafungua kabrasha la mpango na kupitisha kidole kwenye kata yetu mstari kwa mstari. Shule yetu haikuwamo. Hakuna aliyetukataa, ila hakuna aliyetuandika. Niliporudi kijijini niliomba daftari la mihtasari. Kikao chetu cha mwisho wa mwaka kilizungumzia kisima, mnada na mipaka ya malisho. Darasa lilitajwa kwenye “mengineyo”, bila azimio. Nilikaa na daftari lile mapajani muda mrefu.

Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini mipango ya vijiji hukusanywa miezi mingi kabla, hupita Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha baraza la madiwani, ndipo iende mkoani na TAMISEMI, wizara inayosimamia halmashauri. Bunge linapoanza kikao cha bajeti mwezi Aprili, makabrasha ya halmashauri yameshafungwa. Kwa hiyo anzieni kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Mwambieni mtendaji mapema aweke shule kama ajenda inayojitegemea. Azimio litaje madarasa mawili, hatua yalipofikia, michango mliyotoa na idadi ya watoto. Serikali imekuwa ikitenga shilingi milioni 12.5 kukamilisha boma la darasa moja, basi ombeni milioni 25 kwa tarakimu. “Tunaomba msaada wa madarasa” haikai kwenye jedwali la mtu. Diwani apewe nakala, kwa maana yeye ndiye atakayesimama barazani.

Mwalimu ni habari nyingine. Halmashauri haiajiri kwa uamuzi wake, husubiri kibali na mgawo kutoka juu. Inachoweza ni kupeleka ikama, yaani hesabu ya walimu wanaohitajika, yenye upungufu ulioandikwa sawasawa. Kiwango cha nchi kwa msingi ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja, na darasa la 118 ni zaidi ya mara mbili na nusu ya hapo. Muulizeni mwalimu mkuu ni upungufu gani aliouandika mara ya mwisho.

Lipo moja ambalo mbunge ndiye mtu wake hasa, nalo hamkuliuliza. Ruzuku ya uendeshaji wa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka. Humo 6,000 huelekezwa shuleni na 4,000 hubaki kwa ajili ya vitabu. Shule yenye watoto 600 hupata shilingi 3,600,000, yaani 300,000 kwa mwezi: chaki, karatasi za mitihani, kitasa kilichovunjika, dawa ya choo, vyote humo. Kiwango hicho ni cha tangu enzi za MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulioanza mwaka 2002. Linganisha bei ya boksi la chaki ya wakati ule na ya leo. Ada ya msingi ilifutwa enzi hizohizo, na tangu 2016 wazazi hawalipi hata michango ya lazima, na nilifurahi kwa moyo wote, maana nilishawarudisha nyumbani watoto kwa kukosa hela na hadi leo nyuso zao nazikumbuka. Lakini aliyefuta ada na michango amebeba deni la kuijaza nafasi yake, na elfu kumi ya miaka ile haiijazi. Hili liombeni kwa sauti. Mwandikieni mbunge sasa, mwombeni aliseme TAMISEMI watakapowasilisha makadirio yao. Barua yenye sahihi za wazazi ishirini inatosha, nauli zibaki nyumbani.

Mbuzi watoeni humo bomani wiki hii, na juu ya kuta wekeni tabaka la saruji kabla ya mvua za Desemba. Mhandisi akija akakuta kozi za juu za matofali zimelika, atawaambia mbomoe. Muhtasari ukishagongwa muhuri, piga picha ukurasa huo ubaki nao, kisha niandikie.