Wadogo zangu mlioanza muhula huu, fungueni rubriki

Juzi baada ya isha kijana mmoja wa Langoni, hapa Lamu, alinifuata barazani, laptopu kwapani. Hata kahawa hakuitaka. "Kaka, watathmini wa chuo wamenirudishia kazi tena. Hawa watu hawataki mtu apite." Nikamwambia anionyeshe kazi. Kurasa kumi na tatu, Kiingereza safi, na rubriki, ile orodha ya vigezo ambavyo kazi inapimwa navyo, hajaifungua tangu ajiunge. Huyu ni wa nne mwaka huu. Nawapenda nyote, na leo nitasema kwa ukali kidogo, maana kosa hili nililifanya mimi kabla yenu, na pesa iliyopotea haikuwa yangu.

1. Acheni kuhesabu wiki. Sote tumekuzwa na hesabu ya saa za darasani, hesabu iliyoenea Marekani mwanzoni mwa karne ya 20 wakfu wa Carnegie ulipoifungamanisha na pensheni za maprofesa. Masomo ya umilisi, yale ambayo unapita kwa kuonyesha unachokiweza, yameigeuza: kiwango hakisogei, muda ndio unaosogea. Western Governors University, kilichoanzishwa 1997 na magavana wa majimbo ya magharibi ya Marekani, kinaendeshwa hivyo, na mpango wetu ni wa namna hiyo hiyo. Unalipa ada ya miezi sita. Ukimaliza somo unafungua jingine bila kuongeza senti. Basi wewe uliyeendesha duka miaka kumi, kwa nini unasoma somo la hesabu za biashara kuanzia ukurasa wa kwanza, ukiandika daftari zima? Fanya mtihani wa majaribio siku ile ile ya kwanza. Utakuonyesha wapi pana tundu, nawe uzibe hapo tu.

Nendeni Matondoni mkaangalie jahazi likiundwa. Fundi hamuulizi mwanafunzi wake amekaa pale miezi mingapi. Anapitisha kidole kwenye kalafati, ile pamba inayoziba mianya ya mbao, ubao kwa ubao, na akikuta pamba imelegea anasema: toa, piga tena. Kijana anatoa, anapiga tena. Hakuna anayenuna.

2. Rubriki. Hapa ndipo nilipoungua.

Nilikuwa mtunza stoo wa nyumba ya wageni huko Shela miaka kumi na minne. Sukari, mchele, shuka, mafuta ya jenereta, vyote vilipita mkononi mwangu. Nilipofika somo la usimamizi wa bidhaa, kazi ya kuwasilisha ilitaka utaratibu wa kudhibiti stoo ya shirika moja. Nikasema, hii ni yangu. Niliandika kurasa kumi na moja kwa siku mbili. Nilieleza namna nilivyomgundua mwizi wa sukari, namna mwenye nyumba alivyoniamini, namna ninavyoijua stoo hata gizani. Nikatuma nikalala usingizi mzuri.

Ikarudi. Vigezo vitano, vitatu "havijafikiwa". Niliona kama nimetukanwa. Nilijiambia huyu mtathmini ni mtoto, hajawahi kushika gunia. Sikusoma alichoandika chini ya kila kigezo. Nilisoma neno moja tu, "havijafikiwa". Nikaongeza kurasa nne za uzoefu wangu. Ikarudi tena, safari hii na sharti: nisitume mara ya tatu kabla sijazungumza na mwalimu wa somo.

Kupiga simu ilikuwa kazi ya dakika ishirini. Sikupiga kwa wiki saba. Niliona haya. Mtu mzima, watoto wangu wako sekondari, niombe msaada kwa jambo nililolifanya miaka kumi na minne? Mshauri wangu wa masomo aliandika, sikujibu. Mke wangu akiuliza masomo yanaendaje, nasema yanaenda. Na ada ya muhula ule ilikuwa zamu yake ya mchezo wa kuchangiana na wenzake, pesa aliyoisubiri mwaka mzima abadilishe mabati ya jikoni. Muhula ukaisha nikiwa na masomo mawili tu. Mvua za masika zilipokuja, alikuwa akisogeza jiko kutoka pembe hii kwenda ile, na hakunisema. Hilo la kutonisema ndilo lililonipeleka kwenye simu.

Mwalimu hakunihubiria. Alisema: "Fungua kazi yako. Kigezo cha tatu kinataka ulinganishe njia mbili za kuhesabu bidhaa. Nisomee sentensi unayolinganisha." Nikatafuta. Ukurasa wa pili, wa tano, wa tisa. Alisubiri. Nikafika wa kumi na tano. Haikuwemo. Maneno yote yale, na hiyo sentensi haikuwemo.

Nikaandika upya kurasa tano. Kila kigezo nikakifanya kichwa cha habari, chini yake jibu, chini ya jibu ushahidi. Nikalinganisha kuhesabu stoo nzima mwisho wa mwezi na kuhesabu kila siku vitu vya thamani peke yake, nikaweka kadi ya gunia la sukari la kilo 50: lilipoingia, lilivyotoka, kilichobaki, saini. Nikaeleza kwa nini kinachoingia kwanza hutoka kwanza. Ikapita kwa mara moja. Na stoo niliyoieleza ni ile ile. Uzoefu wangu ulikuwa wa kweli tangu mwanzo, ila mtathmini hanijui, hajawahi kuniona nikishika gunia, anaona karatasi tu. Ukisema unajua, hana pa kuweka alama. Ukionyesha, anayo.

3. Mtihani wa kamera, ule unaoufanya nyumbani huku unasimamiwa kwa kamera: chumba kimoja, mlango wa kufunga, simu iwe nje. Msichague saa ya punda kushusha mawe na mchanga chini ya dirisha lenu. Dada mmoja wa Mkomani mtihani wake ulisimamishwa kwa sababu mpwa wake aliingia kuuliza ufunguo. Alilia, na akalazimika kuanza upya siku nyingine. Watangazieni watu wa nyumbani tangu asubuhi. Laptopu ijae chaji, na bando liwe kwenye simu ya pili, maana stima ikikatika waifai ya nyumbani inazimika nayo.

4. Mshauri akipiga, pokea, hata kama huna jipya.

5. Kabla ya kulipa chuo chochote cha nje, ulizeni Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu kama shahada yake inatambuliwa Kenya.

Na wewe wa Langoni, Alhamisi baada ya isha nitakuwa barazani. Laptopu iache nyumbani. Njoo na rubriki iliyochapishwa, zile kurasa zako kumi na tatu, na kalamu nyekundu. Tutaanza na kigezo cha kwanza, na safari hii kahawa utakunywa.