Kikohozi kisichosikia dawa za TB

Mtu wa CTC (kliniki ya wenye VVU) akikohoa, wazo la kwanza hapa Mwanza ni TB. Ni sawa kuanzia hapo, maana TB ndiyo iliyo nyingi. Kosa ni kuishia hapo. Saratani ya mapafu nayo huleta kikohozi, homa, kukonda na kivuli kwenye eksirei. Mwenye VVU huipata zaidi kuliko asiye na VVU hata kama sigara wanavuta sawa, na mara nyingi humkuta akiwa na umri mdogo zaidi.

Mwenye VVU hasubiri kikohozi kifike wiki mbili. Akikohoa tu, apime makohozi. Sukutua kwa maji, simama nje penye upepo, vuta pumzi ndefu mara mbili tatu, kisha kohoa kutoka kifuani. Wengi hutema mate. Mashine ikipimishwa mate huweza kujibu hasi hata TB ikiwepo, na hapo ndipo mtu huanzishiwa dozi ya TB kwa kivuli cha eksirei peke yake.

Kuanza hivyo si kosa, bali weka alama kwenye kalenda. Dozi ya kawaida ni miezi 6: miwili ya dawa nne, minne ya dawa mbili. Mwisho wa mwezi wa pili uliza mambo matatu: uzito umepanda? Kikohozi kimepungua? Eksirei mpya ikiwekwa kando ya ile ya kwanza, kivuli kimesinyaa? (Tunza picha yenyewe. Karatasi ya majibu pekee haitoshi kulinganisha.) Jibu likiwa hapana, usikubali kuambiwa "maliza dozi kwanza". Inaweza kuwa TB sugu. Kwa aliyeanza ARV karibuni, inaweza kuwa kinga inayoamka na kuchokoza ugonjwa. Tazama pia kinywani: mabaka ya zambarau kwenye kaakaa huweza kuashiria Kaposi, saratani nyingine ya wenye VVU, nayo huweza kuingia mapafuni. Na inaweza kuwa saratani ya mapafu, hasa kukiwa na makohozi ya damu, sauti iliyokwaruza zaidi ya wiki tatu, maumivu ya bega yasiyoisha, uso kuvimba au maji ya mapafu yanayorudi kila yakivutwa. Makohozi chanya nayo hayaifuti saratani; viwili hivyo hukaa pafu moja.

Omba rufaa. Kwa Kanda ya Ziwa, hospitali ya Bugando ina kitengo cha saratani. CT ya kifua (picha ya kina kuliko eksirei) mara nyingi hutumia dawa ya kung'arisha picha inayotolewa mwilini na figo, kwa hiyo pima kreatinini, kipimo cha damu cha figo, kabla, hasa ukiwa kwenye tenofovir, mojawapo ya ARV. Kisha ni nyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe cha kupima: hutolewa kwa sindano kupitia ubavuni, au kwa kamera inayopita kwenye njia ya hewa, na kwa kamera usile walau saa sita kabla. CT huonyesha uvimbe. Jina la uvimbe hutolewa na nyama. Anayetoka Ukerewe au anayelala kwenye dago (kambi ya wavuvi) aache namba mbili za simu, ya pili ya mtu aliye mjini, maana majibu ya nyama hayatoki siku hiyohiyo.

Sigara iachwe hata baada ya majibu, kwani matibabu hufanya kazi vizuri zaidi kwa aliyeacha. Wanaobanika samaki waepuke moshi: wakae upande upepo unakotokea, na banio litoke jikoni.

ARV hazisimamishwi. Aliyefubaza virusi na mwenye nguvu hutibiwa saratani kama mtu mwingine: upasuaji ikiwa imewahiwa, mionzi, kemo (dawa za saratani). Ila daktari wa saratani aione kadi ya CTC, hata kama unaona aibu kuitoa. Ritonavir, iliyo kwenye ARV nyingi za mstari wa pili (za wale ambao za kwanza zimeshindwa), hupandisha baadhi ya dawa za kemo mwilini hadi kuwa sumu. Sisplatini, dawa ya kemo, na tenofovir zote huumiza figo. Zidovudini, ARV nyingine, huongeza upungufu wa damu. Na kama dawa za TB zimesitishwa, kile kidonge cha ziada cha dolutegravir 50 mg (ARV) anachoongezewa anayetumia dawa za TB huendelea wiki mbili zaidi, kwa sababu athari ya rifampisini, mojawapo ya dawa hizo, haiishi siku ya kuiacha. CD4 (chembe za kinga) hushuka wakati wa kemo hata virusi vikiwa vimefubaa, hivyo uliza kuhusu septrini, dawa ya kukinga maambukizi, hata kama uliachishwa zamani.