Kuhifadhi nyimbo za asili si kukaa na kanda tu

Ndugu, umeuliza kama kazi ya kuhifadhi nyimbo za asili ni kukaa stoo na kanda kuukuu. Kanda zipo, na ukichezesha iliyoanza kunata, utando wenye sauti unabanduka. Ila kazi nzito ni maelezo: nani aliimba, wapi, ni wimbo wa mavuno au wa msiba? Bila hayo, mjukuu wa mwimbaji hawezi kuupata. Na lazima nyimbo zirudi kwa wenyewe! Sauti za Wakipsigis alizorekodi mtafiti wa muziki Hugh Tracey miaka ya 1950 zilitunzwa ILAM, maktaba ya muziki wa Kiafrika iliyoko Afrika Kusini. Nakala zilirudishwa Kenya miaka ya 2010 tu, wazee wengi wakiwa wameshafariki. Nyimbo za unyago, omba ruhusa kwanza kwa makungwi. Nyingine haziwekwi mtandaoni kabisa.