Wakwe wanauliza mimi ni kabila gani

SWALI: Shikamoo Shangazi. Baba yangu alikuwa Mnyakyusa wa Kyela, mama Mhehe wa Mafinga. Walifariki nikiwa mdogo, nikalelewa hapa Uyole na mama mkubwa. Kinyakyusa najua "ugonile" tu. Kihehe nasikia ila kujibu siwezi. Mchumba wangu analeta posa Jumamosi ijayo, na mjomba wake ameshauliza: "Huyo binti ni kabila gani hasa? Wahehe wana hasira, na Wanyakyusa wanatawala waume." Nijibuje?
Msomaji, Mbeya

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mimi ni Mkinga wa Makete, kabila linalosifika kwa biashara, na tangu nihamie Mbeya watu wananiuliza duka langu liko wapi. Hata genge la nyanya sijawahi kuwa nalo. Nilifundisha Kiswahili mpaka nikastaafu. Bado kila harusi natupwa kamati ya fedha.

Huyo mjomba ameuliza mawili kwa mpigo. La tabia mwachie mchumba wako, anayekujua hata siku mkaa ukiwa umelowa na wageni wako mlangoni. Kabila halimsaidii mjomba hapo. Hao Wahehe walikuwa tawala ndogondogo, Munyigumba, baba yake Chifu Mkwawa, akaziunganisha karne ya 19. Na ndani ya Wanyakyusa wamo Wakukwe, wamo Waselya. Sasa hasira ya nani anaiogopa? Serikali yenyewe sensa ya 1967 ilikuwa ya mwisho kuuliza kabila.

La pili usilidharau, maana anapouliza kabila anataka kujua: tukifiwa, mkigombana, tumwendee nani? Hapo usimjibu "mimi Mtanzania tu", wazee watasikia jeuri. Taja ukoo wa baba na kijiji chake, ukoo wa mama na kijiji chake, kisha useme nani kakulea. Malezi ya huyo wa mwisho hayaonekani kwenye kabila lolote utakaloandika, na ndiye aliyekesha na homa zako.

Baba mdogo wa Kyela apigiwe simu leo. Akisikia habari za posa kwa watu baki, patachimbika. Mama mkubwa naye aketi sebuleni na wazee. Wa kupika wapo. Na mkaja wa mama ukitolewa, uwekwe mikononi mwake, usipitie kwa baba mdogo.