Hita ya gesi haiui kichocho

Umeuliza kama hita ya gesi ya kubeba itakukinga na kichocho ukioga maji ya ziwa. Hapana mkuu, haikukingi. Maji ya kuoga yanatoka kwenye nyuzi 40 hivi na yanapita ndani ya koili kwa sekunde chache; hiyo haitoshi kuua vijidudu vya kichocho, njia ya uhakika ni yachemke kabisa. Lakini huna haja ya kuchemsha. Chota maji ya ziwa, yachuje kwa kanga ili konokono asiingie (ndiye anayemwaga vijidudu vipya), yaache kwenye simtanki siku mbili ndipo uyapashe. Kijidudu kisipopata mtu wa kumwingia kinakufa chenyewe. Mimi banda langu Ukerewe lina matanki mawili madogo: hili linajazwa, lile linaogewa.

Gharama ya gesi isikutishe. Ndoo ya lita 20 kutoka nyuzi 25 hadi 40 inakula kama gramu 35, kwa hiyo mtungi wa kilo 6 unapasha ndoo zaidi ya 150. Ila hita itundike nje, ukutani au kwenye mwembe. Ukiifungia bafuni, hewa yake ya sumu isiyo na harufu (kaboni monoksaidi) inaua mtu huku maji yakiendelea kutiririka.