Nati za rimu mpya za Corolla zinakazwa kiasi gani?

Nm 103 (nyutonimita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Ndicho kipimo cha Toyota kwa Corolla nyingi zenye stadi (bolti za kwenye habu zinazofungwa nati) za milimita 12, na kiko kwenye kitabu cha gari lako. Tumia spana ya torki (inayopima nguvu ya kukaza), usisimame juu ya spana wala kuacha mashine ya upepo imalizie: ikizidi, stadi inavutika na siku moja inakatika.

Ila kabla ya kukaza, angalia nati zenyewe, maana hapa ndipo wengi wanapoharibu. Nati za rimu za chuma zina ncha ya umbo la pia (koni). Spoti rimu nyingi za Toyota zinatumia nati yenye shingo ndefu na washa bapa (kipete cha chuma). Ukifunga ya pia kwenye tundu la washa, inashika ukingoni tu. Utaikaza mpaka Nm 103 na bado italegea barabarani.

Sugua kutu kwa brashi ya waya pale rimu inapokalia. Anza nati zote kwa vidole, kaza kidogo kwa kukingamisha (tundu tano, ruka moja moja kama nyota), shusha jeki tairi liguse chini, ndipo umalizie na torki. Stadi ziwe kavu. Ukipaka grisi, kipimo kilekile kinavuta stadi zaidi ya inavyotakiwa.

Baada ya kilomita 50 hadi 100 pima tena, rimu zikiwa zimepoa. Kama rimu si za Toyota, fuata nati na kipimo cha aliyezitengeneza.