Bahasha Iliyorudi Mara Tatu

*Shangazi, shikamoo. Miaka mitano iliyopita biashara yangu ilianguka nikiwa nadaiwa na watu, nikaenda kukopa kwa wazazi wangu. Baba alitoa akiba aliyoiweka kwa muda mrefu, nami nikaahidi kuirudisha mara nitakaposimama. Sasa nimesimama na fedha zote ninazo, lakini hawataki kuzipokea. Nimepeleka bahasha mara tatu. Mara ya kwanza baba alicheka, akaniambia niwanunulie wajukuu wake viatu. Mara ya pili alikasirika. Mara ya tatu nilimwachia mama mezani, na nilipofika kwangu nikaikuta ndani ya mkoba wa mwanangu, imefunguliwa na kufungwa tena kwa utepe, fedha zote zimo. Kaka yangu ameanza kusema pembeni kwamba nimekula urithi mapema. Mume wangu anashauri nizitie kwenye akaunti ya baba bila kumwambia, tena niongeze na riba. Nifanyeje? – Mwenye Bahasha*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama kwenye ule utepe. Mama yako aliifungua bahasha. Kama angekuwa hataki hata kusikia habari za fedha hizo, angeirudisha ilivyo, na gundi yako isingeguswa. Huenda alihesabu ili ajue kama umejinyima kupita kiasi, au alitaka kuona kama umetimiza kiasi chote ulichoahidi, au kwa dakika chache alifikiria kuzichukua kisha akakumbuka hasira ya mumewe. Mimi siwezi kujua ni lipi kati ya hayo, na wewe pia hujui, kwa sababu hukumuuliza. Katika barua yote unaandika "wazazi hawataki", lakini aliyekataa kwa maneno ni baba peke yake. Mama hajasema lolote, amerudisha tu, tena kwa kificho.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuzungumza na mama, mkiwa wawili tu, na si kwa lengo la kumfanya apokee kwa siri. Ukimpa mama fedha ambazo baba amezikataa, utakuwa umemtwisha siri ndani ya nyumba yake mwenyewe, na siku itakapojulikana atakayeulizwa ni yeye. Unachotafuta kwake ni maelezo. Mwulize ile akiba ilikuwa imekusudiwa kufanya nini kabla hujaiomba. Huenda ilikuwa ya kuezeka upya nyumba, ya matibabu, au ya uzeeni tu bila jina maalumu. Jibu lake litakufaa zaidi ya ushauri wangu wote, kwa sababu baba anayekataa fedha mkononi huenda asikatae paa.

Sasa nimgeukie baba. Umeandika kwamba mara ya pili alikasirika, lakini hukusema ulipeleka bahasha hiyo wapi na mbele ya nani. Nakushuku, mwanangu, kwamba palikuwa na watu. Mzazi aliyemwokoa mwanawe kwa akiba yake huikumbuka siku hiyo kama siku aliyokuwa baba kamili, na mtoto anapokuja na noti zilizohesabiwa, hasa mbele ya mkwe au wajukuu, mzee anaweza kuona kwamba tendo lile linafanywa kuwa biashara iliyofungwa hesabu. Wapo pia wazazi wanaoogopa kuonekana wahitaji, na wapo ambao tangu mwanzo walitoa wakijua moyoni kwamba hazitarudi, wakaliita mkopo ili kulinda heshima ya mwombaji. Inawezekana yako yalikuwa hivyo. Neno "mkopo" huenda lilikuwa sitara aliyokuvika baba ulipokuwa umeinamisha kichwa, nawe miaka mitano baadaye unakuja kulitaja kana kwamba lilikuwa mkataba.

Wewe nawe ujiulize swali moja ambalo si zuri sana. Je, haraka hii yote ni ya kuwarudishia chao, au ni ya kuacha kujiona kama yule mtu aliyekwenda kwao usiku akiwa ameshindwa? Si dhambi kutaka kuisahau siku ile. Lakini kama hilo ndilo linalokusukuma, hata baba akipokea kila senti bado utabaki na kitu kooni, kwa maana kumbukumbu ile haimo ndani ya bahasha.

Ushauri wa mume wako siuungi mkono, ingawa naona ameutoa kwa nia njema. Kumwingizia baba fedha kimyakimya kwenye akaunti baada ya yeye kusema hapana ni kumwambia kwamba neno lake halina uzito kwako. Na riba ndiyo mbaya zaidi, maana inamfanya mzee awe mkopeshaji. Hata hivyo, ndani ya wazo lake kuna hoja ya haki ambayo sitaki ipotee: kiasi ulichochukua miaka mitano iliyopita hakinunui leo kilichonunua siku ile. Bei zikipanda kwa asilimia 6 kila mwaka, kilichonunuliwa kwa 100 kitahitaji takriban 134 baada ya miaka mitano, na baada ya miaka kumi na miwili kitahitaji mara mbili. Piga hesabu hiyo kwa kiwango cha upandaji bei cha huko uliko, uiongeze kwenye akiba nitakayoieleza hapa chini, na usimtajie baba hata kidogo.

Nimemaliza ya wazazi, nije kwa kaka yako, ambaye ndiye sababu kubwa ya mimi kutokukuambia "pokea msamaha, ulale". Baba kukataa kupokea na baba kusamehe deni ni mambo mawili tofauti. Katika mapokeo ya sheria yaliyotokana na Warumi, mdai anayekataa malipo yaliyoletwa ipasavyo ndiye anayehesabiwa kuwa amechelewesha, lakini deni halifutiki kwa sababu tu ya kukataa kwake. Warumi hao hao walikuwa na utaratibu walioutaja kwa jina la *collatio*, ambapo mtoto aliyepata mali mapema aliirudisha kwenye hesabu kabla ya urithi kugawanywa na nduguze, na sheria ya Ufaransa ina utaratibu wa namna hiyo mpaka leo. Sikwambii haya ili nikutishe na mahakama. Nakuonyesha kwamba manung'uniko ya kaka yako ni ya kale sana, na watu walioyatafakari kwa karne nyingi hawakuyaona kuwa ni wivu mtupu. Deni ambalo halijasamehewa waziwazi huweza kuhesabiwa kuwa sehemu ya mali ya mzazi, na mzazi akishaondoka hakuna tena wa kuthibitisha kwamba alicheka akasema habari za viatu.

Ndiyo maana nataka baba aseme, na aseme mbele ya watoto wake wote. Mwendee peke yako, bila bahasha, uketi, umwache amalize anachokifanya. Usimwulize kama atapokea, kwa kuwa swali hilo jibu lake unalijua. Mwambie hivi, kwa maneno yako mwenyewe: "Baba, wema wenu siwezi kuulipa na wala sijaribu. Lakini fedha zipo, na kaka ana maneno. Naomba mtuambie sote pamoja kama ni deni au mmenipa." Akisema amekupa, mshukuru siku hiyo hiyo, na umwombe aandike mistari miwili mitatu yenye tarehe, kiasi na sahihi yake na ya mama. Kama kiasi ni kikubwa, mwanasheria wa mahali mnapoishi aitazame karatasi hiyo, kwa sababu taratibu za kusamehe deni na kodi za zawadi hutofautiana kati ya nchi na nchi. Akisema ni deni, basi mpange awamu ndogo ndogo. Kiasi kidogo cha kila mwezi humezeka kuliko rundo la noti, na hapo ndipo utakapotumia alichokuambia mama: utagharimia paa, au dawa, ukimlipa fundi au duka moja kwa moja kwa idhini ya baba.

Akikataa kusema lolote, jambo ambalo wazee wanalijua sana, zitenge fedha hizo katika akaunti ya peke yake kwa jina lako, usiziguse hata ukibanwa, na uwaonyeshe mume wako na kaka yako karatasi inayoeleza kwamba ni akiba ya wazazi kwa mahitaji yao, na kwamba zitakazobaki zitaingia katika mgawanyo wa watoto wote. Kaka akiiona karatasi hiyo, maneno ya pembeni yatamwishia, au angalau atalazimika kuyasemea mbele yako. Mzee mwenye akiba asiyoijua huwa hana sababu ya kuikataa, na siku atakapougua hutahitaji kumbembeleza mtu.

Anza na mama, na uende mapema, kabla kaka hajamfikishia baba toleo lake la habari hizi. Akikueleza habari za ule utepe, niandikie, maana nami nimebaki natamani kujua.

Shangazi yako.